Kamioneti Iliyoandikwa "Tumechoka"

Enzi zetu, wananiandikia wenzangu wa rika langu, enzi zetu Kisangani ilikuwa mji. Barabara zilifagiliwa, watoto waliamkia wakubwa, mwalimu alikuwa mwalimu. Wanatuma picha za zamani kwenye simu na chini yake wanaweka alama za machozi. Mimi nazitazama, na mara nyingine machozi yananilenga kweli, maana mimi pia nilicheza nzango, ule mchezo wa wasichana wa kuruka na kupiga makofi, miguu mitupu mpaka vumbi jekundu likapanda magotini. Mimi pia nilikula mbinzo, wale viwavi wa kukaanga, wakiwa wa moto mpaka ulimi ukaungua. Mimi pia nilichapwa na jirani kwa kosa langu, na nilipofika nyumbani kushtaki nikaongezewa. Halafu anatokea mmoja anaandika: "Zamani kulikuwa na heshima, siyo kama hawa vijana wa leo." Hapo damu inanipanda. Tatizo langu ni kwamba mimi nakumbuka yote.

Tulikaa Mangobo, mmoja wa mitaa ya mji huo. Baba yangu, Papa Ramazani, alikuwa seremala aliyetoka Maniema akiwa kijana, na mikono yake ilinukia maranda hata siku ya Idi. Mama alifanya biashara ya mihogo, makemba, yaani ndizi za kupika, na mafuta ya mawese. Alivinunua upande wa Bengamisa, mbali nje ya mji, akavibeba yeye na wanawake wenzake kwa miguu, kitunga kizito mgongoni, utepe wa gome umepita kwenye paji la uso. Utepe ule ulikuwa umemchimbia mfereji kichwani. Nilipokuwa mdogo nilikuwa nikiupapasa kwa kidole, nikidhani akina mama wote huzaliwa nao.

Mwaka mmoja baba aliitwa kutengeneza milango kwenye shamba la kahawa lililoachwa na mzungu. Mali za wageni zilikuwa zimetwaliwa na serikali na kugawiwa wakubwa, na huyo mkubwa aliyepewa shamba alikuwa akikaa Kinshasa, hajui hata kahawa inavyochanua. Katikati ya miti ya kahawa baba akakuta kamioneti, au pikapu kama wasemavyo wengine. Ilikuwa ya Kimarekani ya zamani, yenye pua ya mviringo. Mti ulikuwa umeota katikati ya sanduku lake la nyuma, na nyigu walikuwa wamejenga ndani ya taa. Msimamizi alipoona baba anaizunguka alimwambia, "Ondoa ule uchafu, unanizibia njia," akamwandikia na karatasi yenye muhuri. Baba aliukata mti kwa shoka lake mwenyewe. Lori la magogo likaivuta mpaka kuingia mjini, na kutoka pale mtaa mzima tuliisukuma kwa nyimbo mpaka ndani ya ua wa parsele yetu.

Mama alitoka jikoni akifuta mikono. Akaitazama kwa muda mrefu.

"Papa Aziza," akasema, akimwita baba kwa jina langu, "unaniletea maiti?"

"Hapana," baba akajibu. "Mi nakuletea miguu."

Kazi ilichukua karibu miaka miwili. Fundi wa injini alikuwa Tonton Asumani, mdogo wake mama, aliyejifunza ufundi kwenye boti za mtoni. Injini ilikuwa imeshikana kabisa. Tonton alifungua plagi, akamimina humo mafuta ya taa yaliyochanganywa na oili, akasema tungoje. Kila Jumapili alikuja, akaingiza manivela, ile fimbo ya chuma ya kuzungushia injini, puani mwa gari, akaning'inia nayo kwa uzito wake wote. Injini ikabaki kimya kama imetukanwa. Sisi tukarudi kwenye kutu. Tulisugua kwa mchanga wa mto Tshopo na vipande vya gunia, mimi na wadogo zangu, mpaka kucha zikawa na rangi ya chungwa, na mwalimu akanipiga rula akisema sinawi.

Baba hakutaka mtoto wa kike alale chini ya gari. Lakini kulikuwa na bolti nyuma ya dashibodi ambazo mkono wa Tonton haukuzifikia, wangu ulizifikia. "Acha afungue," Tonton alimwambia baba. "Bolti haijue kama mukono iko ya mwanamuke." Kuanzia siku ile nilikuwa na kazi yangu. Nilijua spana zake, ufunguo wa kumi na wa kumi na tatu, kwa kuzipapasa tu. Gaskiti ndogo tulizikata kwenye katoni nene kwa mkasi wa mama, na mama alipogundua jinsi mkasi wake ulivyokuwa butu alitufukuza sote, Tonton akiwa wa kwanza. Viti tulivijaza sufi. Rejeta ikalehemiwa mara tano.

Kisha Jumapili moja, mvua ikinyesha na Tonton amelowa mpaka mifupa, manivela ikakubali. Ilizunguka nusu tu. Ilitoa mlio kama mzee anayesafisha koo. Tonton alikaa chini kwenye tope akacheka peke yake. Baadaye, siku ilipowaka kweli, moshi mweusi ulifunika jiko la mama, kuku wakaruka ua, na baba, mtu asiyejua kucheza, akacheza.

Sanduku la nyuma baba alilitengeneza upya kwa mbao za lifaki, mbao nyekundu ngumu, kila kona imeungwa kwa meno, bila msumari hata mmoja. Na hapo mama akaingia kazini. Hakujua lolote la injini, lakini alijua safari. "Ninyi wanaume munapanda gari kama nyani," alisema. "Sisi tunavaa pagne." Baba akatengeneza ngazi ya kukunja, ya mtu aliyejifunga kitenge. Mama akataka matundu ya kusimamishia madumu ya mawese yasimwagike, yakachongwa. Akataka benchi la wazee, na kulabu mbili za kufungia kitambaa cha kumlaza mtoto mchanga. Vyote baba alivifanya, akinung'unika na kutabasamu. Rangi ilikuwa ya buluu, mabaki ya madirisha ya shule fulani.

Mwishoni baba alichukua brashi ndogo na rangi nyeupe, akauliza aandike nini nyuma. Malori yote ya wakati ule yalikuwa na maneno. Mama hakufikiri hata kidogo.

"Andika: Tumechoka kubeba."

Baba akaandika, kwa herufi zake nzuri za seremala.

Miezi minne. Ndiyo muda tulioupata. Wanawake wa mtaa walikwenda Bengamisa asubuhi na kurudi mchana wakiimba, wamekaa, vitunga vikiwa chini ya miguu yao. Mama alianza kurudi nyumbani akiwa na nguvu ya kutusimulia hadithi. Mfereji wa kichwani mwake ukaanza kujaa. Nililiona hilo kwa macho yangu, na nitalisema mbele ya mtu yeyote anayetaka kunieleza uzuri wa zamani.

Jumamosi moja ya salongo, siku ile ambayo kila mtu alilazimishwa kufanya kazi za mtaa, tulikuwa tunazibua mitaro. Mkubwa wa mtaa wetu wa Chama, kile kimoja tu kilichoruhusiwa nchi nzima, tuliyemwita Citoyen Bokele, yaani Mwananchi Bokele, kama ilivyoamriwa siku hizo, alikuwa akipita kukagua, abakosi yake, lile koti la wakubwa lisilovaliwa na tai, imepigwa pasi mpaka inang'aa. Hakushika jembe. Akasimama nyuma ya kamioneti, akasoma, akasoma tena.

"Nani anachoka?"

Baba alikuja mbio, matope mpaka magotini. "Citoyen, iko tu maneno ya bamama. Banachoka kubeba bitunga."

"Inchi muzima iko inabeba Chama kwa kichwa, wewe peke yako unachoka?"

Mtaa wote ulisikia. Watu sitini wenye majembe, na wote wakainamia mitaro yao. Baba akaingia ndani akaleta mkebe wa rangi ya buluu. Akafuta. Neno moja baada ya lingine, taratibu, na Citoyen Bokele amesimama nyuma yake kama mwalimu anayesahihisha mwandiko.

Mama aliporudi kutoka sokoni alilikuta sanduku likinuka rangi mpya. Alimwambia baba jambo moja tu: "Uliandika kwa mukono yako, na unafuta kwa mukono yako." Kisha akaenda kuponda sombe, majani ya mihogo, na mchi wake siku ile ulisikika mpaka mtaa wa tatu.

Kufuta hakukutosha. Siku tatu baadaye walikuja vijana wawili wa Chama na karatasi: kamioneti ilihitajika kwa gwaride. Siku mbili tu. Baba akawaonyesha karatasi yake yenye muhuri. Mmoja akasema mali ya shamba ni mali ya taifa. Baba akatoa ufunguo kwa mikono miwili, kama mtu anayempa mkwe wake maji. Tonton Asumani aliinua manivela, baba akamshika mkono.

Siku ya gwaride nilikuwa katika kundi la wacheza ngoma la shule. Tulivaa pagne zenye sura ya Rais, tumefundishwa wiki nzima kukata kiuno kwa pamoja. Na gari lililokuwa mbele yetu, lenye picha kubwa juu yake, lilikuwa letu. Nililijua kwa pua yake. Walikuwa wameondoa benchi. Ngazi ya mama ilikuwa imekatwa kwa msumeno kwa sababu iliharibu sura. Nikasimama. Mwalimu akanipigia kelele, "Aziza! Cheka! Meno yote inje!"

Nilicheka. Nilicheza nyuma ya gari la baba yangu, meno yote nje. Na nilipogeuza kichwa nilimwona baba kati ya watu, kando ya barabara. Alikuwa anapiga makofi. Aliniona, nikamwona. Yeye hakuacha kupiga makofi wala mimi sikuacha kucheza. Mkiniuliza hasira yangu ilizaliwa wapi, ilizaliwa pale, mchana, jua likiwaka, muziki ukipigwa.

Siku mbili ziligeuka mwezi, mwezi ukawa msimu mzima wa mvua. Baba alikwenda kila Jumatatu kuuliza, akakalishwa, akaambiwa arudi. Kisha tukasikia dereva fulani mlevi ameivunja ekseli barabara ya Banalia. Injini ikauzwa vipande vipande. Kilichobaki kiliwekwa nyuma ya nyumba ya Citoyen Bokele, na mkewe akafuga kuku ndani ya sanduku la lifaki. Mama alikuwa amerudia kitunga chake na utepe wake.

Asubuhi moja ya siku ya soko mama aliamka, akachukua nyundo ya baba na ufunguo wa kumi na tatu, akaniambia, "Twende." Wanawake sita walitufuata. Hatukujificha. Tulipita barabara kuu, tukaingia getini, mama akaanza kuwatoa kuku mmoja mmoja, kwa upole, kana kwamba ni wageni waliopitiliza muda. Mimi nikaanza kufungua bolti zilizoshika sanduku kwenye gari. Citoyen Bokele alitoka amevaa pajama.

"Citoyenne! Unajua unasema na nani?"

"Ninajua," mama akasema, bila kugeuka. "Ninasema na mutu anafuga kuku ndani ya mbao ya bwana yangu."

"Hii gari iko ya inchi!"

"Bon. Bakia na gari ya inchi. Mbao haikutoka kwa shamba, ilitoka kwa mukono ya Ramazani. Itisha batu bakuje, nitaonyesha bote mavi ya kuku yako."

Majirani walikuwa wamekwishajaa ukutani. Mmoja akacheka, kisha wa pili. Sijui kama alituogopa sisi au alikiogopa kile kicheko, lakini alirudi ndani akafunga mlango. Tulitoka na mbao zote kichwani, wanawake saba na msichana mmoja.

Nilidhani baba atafurahi. Alizigusa zile mbao, akapitisha kidole kwenye meno ya kona, akasema hatazitengeneza tena kuwa kitu chochote. "Nikitengeneza, batakuja kuchukua."  Mama akachukua shoka. Kwa wiki mbili tulipikia lifaki, mbao ambayo watu wa mbali wanaivusha bahari kujengea nyumba zao. Tulipika lituma, ndizi za kupondwa, juu yake, na samaki, na maharagwe. "Kile kiko mu tumbo, hakuna mutu atakipora," mama alisema, akampakulia baba sahani ya kwanza. Baba alikula akamaliza yote. Hakushika tena gari maisha yake yote, hata kulipanda tu.

Leo naishi palepale Mangobo. Vijana wa siku hizi wananichosha, sitadanganya. Suruali zao ziko chini ya makalio, simu haitoki mkononi, na hakuna anayeweza kutofautisha ufunguo wa kumi na kijiko. Juzi wenye bunduki walichukua pikipiki ya jirani yangu, kijana anayebeba abiria, ati karatasi zake hazitoshi. Asubuhi ileile wenzake wakaja, wakakaa katikati ya barabara, pikipiki zimezimwa, wanapiga filimbi na kuimba nyimbo chafu. Nilitoka kuwafokea. Nilikuwa nimeshafungua mdomo kuwaambia kwamba enzi zetu tulikuwa na adabu, enzi zetu mtu hakuwapigia wakubwa kelele.

Sikuweza kuimaliza sentensi ile. Nilimfikiria baba, na yale makofi yake.

Nilirudi ndani, nikachukua kiti changu cha plastiki, nikakiweka barabarani katikati yao, nikakaa. Kijana mmoja akaniuliza, "Mama Mukubwa, iko nini?" Nikamwambia asogee kidogo, ananizibia jua. Nyimbo zao zilikuwa mbaya, na niliwaambia hivyo. Pikipiki ilirudishwa kabla ya adhuhuri.