Kaka Ametaga: Ni Mimi Nilikosea

Bandugu, mi bado nakataa. Mwalimu Wilondja, ule wa vitabu vya batoto, amekufa jana asubuhi hapa Baraka. Na simu yangu iko na mesaji yake ya juzi: "Riziki, kitabu kipya iko tayari. Ukuje na miwani."

Miwani! Mpaka mwisho ananichokoza tu.

Sasa nasema kitu nimeficha miaka yote. Munakumbuka "Kaka Ametaga", kile kitabu kiligombanisha Baraka muzima? Ni mimi.

Ilikuwa wiki yangu ya kwanza kwenye duka ya kupiga chapa na fotokopi. Mwalimu alileta hadithi ameandika na mukono: kuku ametaga yai. Lakini u yake na a yake ni mapacha. Mi nikapiga "kaka", kurasa zote. Kaka ametaga. Kaka analalia mayai. Kaka anatembeza vifaranga.

Kopi zote zilishatoka. Patroni, mwenye duka, akasoma, akawaka: "Nani alipiga hii? Arudi kwao leo!"

Mi nilikuwa na batoto wawili, na bwana yangu alishapotelea Misisi kutafuta zahabu. Ile kazi njo ilikuwa chakula yetu.

Mwalimu akaangalia karatasi, akaniangalia. "Niliandika vile. Ni fasihi, patroni. Unajua fasihi?"

Patroni hakujua. Akaniacha na kazi yangu.

Weee, kelele! Pasta alihubiri Jumapili mbili juu ya mayai. Bazazi ba banafunzi baliitisha mukutano ku masomo. Baba moja alitoka Ubwari na mutumbwi: kijana yake amelalia mayai ya mama yake siku mbili, yote imepasuka, na bado anakataa kuinuka.

Mwalimu alimupatia kuku yake ya Noeli. Batu bakamuita muharibifu wa batoto, na hakutaja jina yangu hata siku moja. Mi nakaa nyuma kanisani, naangalia viatu. Haya ilinikula.

Kisha akapeleka kitabu kwa kambi ya bakimbizi ya Lusenda. Batoto ba Burundi balicheka mpaka bengine bakaanguka chini. Njo bakaanza kumuita Kaka, na sisi wote tukafuata. Akarudi akaniambia: "Naandika vingine. We piga tu, usisahihishe kitu."

Nilitaka kusema ukweli mbele ya batu. Akanikatalia: "Ngoja nikufe kwanza, njo useme."

Haya. Umekufa. Nasema.

Pasta, ni mimi. Baba wa Ubwari, ile kuku ilipaswa kutoka kwangu, unisamehe.

Batoto bangu bamekula na bamesoma na ile kazi, Kaka. Mukubwa anafundisha sasa, na anasomea batoto kitabu chako bila kujua ni mama yake aliharibu.

Nalia, sioni vizuri herufi. Na miwani sikuleta.

Lala muzuri, kuku yangu.

Ndiyo, nimeona. Sisahihishi.