Homa ya Kaka Yangu

Polisi wa Mokowe walikuwa wamelizuia gari letu tangu walipomkamata kaka yangu akiliendesha amelewa. Mama hatukumwambia. Siku niliyokwenda kulichukua, alikuwa akivuka kutoka Lamu, akitarajia kaka ampeleke hospitali Mombasa.

Askari alinikabidhi ufunguo akicheka. “Bi, mwambie bwana huyo anywe chai.”

Gatini, tulipomngoja mama ashuke mashuani, kaka aliunyooshea mkono ufunguo, nami sikumpa. Aliketi kando yangu. Mama alipanda nyuma, akaniona nimeshika usukani.

“Leo waendesha wewe? Nduguyo ana nini?”

“Ana homa, mama.”

Tulipouacha mji, mama aliinama kati ya viti vyetu.

“Homa hiyo naiyua,” alisema taratibu. “Marehemu babako alikuwa nayo, nami nikiwaambia nyinyi kuwa ni malaria.”