Nguruwe kwenye Tovuti ya Mama Halima

Nilikuwa nikitengenezea wafanyabiashara tovuti hapo Kitengela, zote kwenye seva moja tu, yenye anwani moja. Mwishoni mwake ukiandika slashi, ule mstari wa mshazari, na "halima", unafika kwa Mama Halima, muuza mbuzi; ukiandika "otieno", unafika kwa Otieno, mfuga nguruwe.

Mama Halima akanipigia simu. "Kijana, wateja wangu wa Namanga wanaona nguruwe kwangu!"

Nilipandwa na hasira. Kazi yangu iharibiwe jina na watu wasiojua kuandika anwani? Nilifunga ofisi nikaenda dukani kwake, nikamkuta na wazee watatu waliotoka msikitini.

"Mama, mimi sina makosa," nikafoka mbele yao. "Ni wateja wako hawajui kuandika. Tazama!"

Niliandika anwani kwenye kompyuta yake, nikitaja kila herufi. Ukurasa ukafunguka: "Karibu kwa Mama Halima", na chini yake nguruwe jike mnono.

Ndipo nikakumbuka. Jana yake nilikuwa nimeweka picha za wote wawili kwa folda moja, kwa jina moja. Ya Otieno ilifuta ya mbuzi.

Mama Halima akageuza kioo cha kompyuta wazee waone vizuri.

"Endelea, kijana," akasema. "Waelezee."