Jibu Nililopata Makaburini

Nawaambia hili kwa aibu, mimi baba wa watoto wanne. Kazini kwetu Kipushi watu walikuwa wakipunguzwa, nami miezi yote hiyo nilijiuliza kama niache kuendesha lori la mgodi nikashone nguo, kazi niipendayo tangu utoto. Asubuhi moja nilikwenda kupiga magoti kwenye kaburi la baba. Ukungu ulikuwa umefunika misalaba, na sikuona mtu.

“Papa, niache kazi?”

Sauti nzito ikatoka ardhini: “Acha! Acha sasa hivi!”

Nywele zilinisimama. Nikamwandikia mkubwa wangu wa kazi ujumbe kwa simu kwamba nimeacha kazi, nikautuma. Kisha nikalia kwa nguvu, “Aksanti, papa!”

Kichwa chenye udongo kikachomoza kwenye kaburi jipya la jirani. Alikuwa mchimba makaburi, simu mkononi.

“Pole, papa, sikukuona. Nilikuwa naambia bibi yangu, mama ya watoto wangu, kwa simu, aache makelele. Weye unalia juu ya nini?”

Papo hapo simu yangu ikalia; mkubwa wangu alikuwa amejibu ujumbe: “Sawa.”