Ng'ombe Waliolamba Vipimo Vyetu

Sogea karibu, wewe unayenisikiliza, wala usiogope habari za kupima ardhi kwa umeme na sumaku. Si ngumu kama wenye vyeo wanavyopenda uzione. Radi zinazopiga mbali, na misukosuko ya jua, huamsha mikondo midogo ya umeme ardhini. Mwamba mkavu na baridi huizuia. Mwamba wa moto, au wenye maji ya chumvi katika nyufa zake, huipitisha. Mikondo inayobadilika polepole ndiyo inayoshuka chini zaidi. Basi ukipima umeme na sumaku kwa pamoja, unapata kujua gamba la dunia likoje huko chini, hata hapa kwetu linapopasuka kwenye Bonde la Ufa. Umeona? Umeelewa. Mkuu wa msafara wetu alikwenda ng'ambo kujifunza hayo hayo, akarudi hasikii la mtu.

Ilikuwa miaka ya kuhamia vijiji vya Ujamaa. Tulipiga kambi ng'ambo ya Mungaa, huko Singida, na kazi yangu ilikuwa kuzika vyungu. Chungu kidogo cha kunasia mikondo hiyo, chenye maji ya mrututu, ile chumvi ya buluu ya shaba, huingizwa shimoni, na ili ardhi kavu ikishike vizuri, hupakwa tope la maji ya chumvi. Waya hutoka pale hadi hemani, ambako kalamu huchora mistari kwenye karatasi.

"Bwana mkuu," nilimwambia, "hii ni nchi ya ng'ombe. Tope hili watalilamba."

"Ng'ombe wa Singida nao wanasoma fizikia?" akajibu, akacheka peke yake kwa muda mrefu.

Kesho yake asubuhi kalamu ilichora fujo, kisha ikalala. Tulikuta mashimo yamefukuliwa, chungu kimepasuka, alama za kwato zimetapakaa kote. Mkuu alisimama juu ya alama zile kwa viatu vyake vya ngozi, akatangaza: "Hii ni kazi ya adui." Akaagiza aitwe katibu wa kijiji kipya.

Katibu yule alivaa koti la sufu juani. Katika Ujamaa wote alikuwa ameshika jambo moja tu, kutafuta maadui wa siasa hiyo, na adui aliyekuwa naye tayari ni mzee mfugaji aliyechelewa kuhamia kijijini. Alimleta pamoja na ng'ombe wake. Faini, alisema njiani, itakuwa dume lake la kukokota plau. Mvua zilikuwa karibu, na mzee hakuwa na jingine.

"Shikamoo, mzee," nilisema. Wale wawili hawakumsalimu.

"Marahaba, mwanangu. Nimeitwa na wakubwa."

"Umeharibu mitambo ya taifa!" katibu alifoka.

"Mimi? Mmetia chumvi ardhini, halafu mnaniuliza ng'ombe wamefuata nini? Mngewatandikia na mkeka."

"Unapinga maendeleo!"

"Nipinge vipi, bwana? Ng'ombe wangu wameyaonja, wakayapenda."

Sikutaka maneno zaidi. Nilichukua ndoo ya tope lililobaki, nikalimwaga kando ya Landrova mbele ya macho yao. Ng'ombe walikuja wakisukumana, lile dume likiwa mbele, wakalamba ardhi, kisha wakalamba gurudumu. Watu waliokuwa wamekusanyika wakaangua kicheko. Nikadhani mambo yamekwisha.

Katibu alikunja uso. Kufikiri kulimuuma, ilionekana wazi. Halafu akang'aa: "Mmeona? Ng'ombe mwenyewe amekiri!"

Mkuu wetu, mtu aliyejua yaliyo chini ya miamba, akatikisa kichwa kukubali. Dume lilichinjwa jioni ile ile kuwakaribisha wageni, na mgeni ni yeye. Alikula nundu akilalamika kwamba nyama ni ngumu. Mimi nilikula ugali na mlenda kwa mzee, na mvua zilipoanza nilimwona yeye na mkewe wakilima kwa jembe la mkono shamba ambalo dume lile lingelimaliza mapema.

Nawe ukienda kupima kwenye malisho, fanya hivi. Wasalimu wenyeji, uwaulize ng'ombe wanapita wapi, ukachimbe mbali na hapo. Tia chungu na tope, fukia kwa udongo mkavu, ushindilie. Mwisho zungushia shimo matawi ya miiba, mashina yake ndani, miiba nje.