Ndewe za Mwandishi

Mwandishi aliyenifanya nitamani kuandika alizaliwa kijijini Natta na kufia mbali, na sikuwahi kumwona. Nilimjua kwa ile picha ya nyuma ya vitabu vyake tu: miwani, kidevu kilichoinuka kama cha mtu anayengoja swali, na kofia ya pama iliyoshuka mpaka masikioni. Alipofariki, sisi vijana tunaokutana mjini Mugumu kusomeana kazi zetu tuliamua achorwe kwa rangi ya mafuta, picha itundikwe kwenye maktaba ya shule aliyosoma.

Tulimpa kazi hiyo fundi wa mabango wa Morotonga. Aliitazama picha ya kitabuni, akaikataa kofia.

"Hii ni ya kuuzia vitabu," alisema. "Maktaba mtu anaingia kichwa wazi. Masikio yake yakoje?"

Hakuna aliyejua. Nikapanda bodaboda hadi Issenye kwa mdogo wake wa kike, ambaye sasa ni bibi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Ndiye wewe mtoto wa vitabu? Mbona umekonda hivyo, mnakula karatasi?"

Nilipouliza masikio, alicheka, kisha akanisimulia. Kaka yake alitobolewa masikio baada ya jando kama vijana wa rika lake, akaweka vipande vya mti, kila mara vinene zaidi, mpaka ndewe, zile nyama za chini ya sikio, zikakaribia mabega. Alipombeba dada yake mgongoni kuvuka mto, mtoto alishika ndewe hizo badala ya shingo. Kisha akachaguliwa kwenda chuo cha ualimu. Njiani alipitia hospitali, ndewe zikakatwa na kushonwa.

"Alirudi likizo na masikio mafupi," bibi alisema. "Nikakataa kumsalimia. Nilidhani wametuletea mwalimu mwingine."

Akanishika mkono. "Mchoreni na ndewe zake. Macho yananiacha, mjukuu wangu, daktari anasema ni presha ya macho. Nataka nimwone yule wa kwanza kabla giza halijafunga."

Mugumu tulibishana. Mwenzetu mmoja alisema wasomaji watauliza huyu ni nani. "Si wataambiwa?" fundi akajibu, na ubishi ukaishia hapo.

Lakini kabla hajafika masikioni, fundi aliitwa Natta kuchora tembo na nyati kwenye kuta za kambi ya watalii, na kazi ikazaa kazi. Kila nilipopita karakana yake nilimkuta mwandishi ananitazama, uso umekamilika, na pembeni, mahali pa masikio, plaiwudi tupu. Mahindi yalipandwa, yakapaliliwa, yakavunwa. Mpaka leo najiuliza kwa nini hatukumpelekea bibi hata mchoro wa penseli. Ungemtosha.

Hatimaye fundi aliimaliza. Siku tuliyoipeleka picha Issenye pamoja naye, tuliifunga kwa shuka tukaipakata kwenye pikipiki kama mgonjwa. Ilikuwa nzuri. Sijaona uso uliochorwa kwa upole kama ule, na ndewe zilishuka pande zote mbili, zina uzito wa nyama hai. Tuliisimamisha uani, tukafunua shuka. Bibi aligeuza uso upande wa sauti yangu, siyo upande wa picha.

"Tangu mavuno anaona mwanga wa mlangoni tu," mkwewe alituambia taratibu.

Nikaanza kusema pole. Bibi akanikatiza.

"Acha msiba. Nipelekee mkono sikioni."

Fundi aliushika mkono wake, akauweka kwenye sikio. Vidole vikapanda, vikashuka, vikarudi tena.

"Mbona bapa?"

"Ni rangi, bibi."

"Najua ni rangi." Vidole viliendelea kutafuta. "Zimelingana?"

"Zimelingana."

"Basi umekosea. Ya kushoto ilikuwa ndefu zaidi. Ndiyo niliyokuwa naning'inia nikiogopa maji."

Fundi alifungua mfuko wake, akatoa makopo, akachanganya rangi ya kahawia pale pale uani, kuku wakimzunguka miguuni. Bibi alivuta kigoda akaketi karibu, uso umeelekezwa kwenye harufu ya mafuta.

"Uniambie imefika wapi."

"Imepita taya, bibi."

"Endelea."

"Imegusa kola ya shati."

Bibi alinyoosha mkono hewani, mbele yake, akakunja vidole kama anayeshika kitu.

"Bado," akasema. "Shusha."