Unyasi Mweupe Uliokula Moshi

Nakumbuka mchana mmoja wa kiangazi, miaka ya tisini, mwanangu, baba yako Filipo, mdogo wangu, akiwa bado kijana wa kubeba majani ya tumbaku kwenye bani la jirani, lile banda la kukaushia tumbaku kwa moto, huku kwetu Litapunga. Alirudi nyumbani na msokoto wa tumbaku nyuma ya sikio na kikohozi kifuani. Mimi nilikuwa barazani nasuka, na kila alipokohoa mkono wangu ulisimama.

Unajua kwa nini. Baba yetu alikufa, Mama akamfuata, nami nikaacha shule darasa la tano nilee wadogo zangu wawili, Simoni na Filipo. Nilimwahidi Mama kwamba nitawafikisha utu uzima wote wawili. Simoni hakunisumbua. Filipo nilimsema kuhusu tumbaku mpaka maneno yakaniisha.

Mama alituachia kikapu cha kifuniko, chenye urembo wa kwao Burundi. Nilikitundika juu ya mafiga kama tufanyavyo, maana moshi hufukuza wadudu. Vikapu vyote nilivyouza sokoni Mpanda niliviiga kwa hicho kimoja. Urembo wenyewe huenda kwa jozi: unyasi mweupe hulala na mweusi, wa njano hulala na mwekundu. Kwa hiyo nilikuwa nasoma mstari wa juu tu. Wa chini mikono iliujaza yenyewe.

Simoni alikuwa amefika kwa treni, likizo ya kidato cha sita. Akachukua kikapu changu kipya, akakiweka kando ya cha Mama.

"Dada, hapa umeweka nyekundu. Mama aliweka nyeusi."

"Haiwezekani. Juu yake si njano?"

Akalowesha kidole kwa mate, akasugua. Chini ya masizi kukatokea weupe.

"Ilikuwa nyeupe. Imekula moshi, wewe ukaiona njano."

Filipo akacheka mpaka akakohoa. "Yaani umepanda treni kutoka Tabora kuja kukagua vikapu vya Dada?"

"Cheka tu. Hata wewe ndani yako umesukwa hivihivi."

Akatueleza. Kila chembe ya mwili ina uzi mwembamba uitwao DNA, wenye maagizo ya kutujenga, nao umesukwa kwa jozi za herufi nne. Guanini hukaa na sitosini, adenini hukaa na thaimini. Sasa, oksijeni tunayovuta, ambayo bila hiyo tunakufa, inapochoma chakula mwilini hutoa cheche. Cheche zikiigusa guanini, iliyo nyepesi kuungua kuliko wenzake, huibadilisha sura. Haidondoki. Inabaki palepale, ila uzi unapoigwa inaweza kusomwa kama thaimini, ikapewa adenini. Hutokea kwa kila mtu, mwanangu, kila siku, hata sasa unaponisoma.

Nilikitazama kile kikapu. Moshi uliokilinda ndio uliokipaka, na hewa inayotuweka hai ndiyo inayotuunguza. Kwa muda kidogo niliogopa kuvuta pumzi.

"Mbona basi hatujaoza?" Filipo akauliza. Alikuwa amesogea karibu.

"Kuna mafundi humo ndani. Wanapita kwenye uzi, wakiikuta guanini iliyoungua wanaing'oa, wanamtazama mwenzake aliyebaki, kisha wanaweka nzima. Kama Dada angetazama mstari wa chini."

"Na wakichelewa?"

"Uzi ukiigwa kabla hawajafika, kosa linakaa. Anayeiga baada ya hapo hajui kama ni kosa. Mengi hayadhuru. Ila likiangukia pabaya, na mengine yakaongezeka, chembe inakosa breki, inakuwa saratani. Na moshi wa huo msokoto wako unaongeza cheche."

Mimi wa darasa la tano niliugeuza mkono wangu nikautazama kama wa mgeni. Humo ndani, bila kuwajua wala kuwashukuru, mafundi walikuwa kazini tangu niko tumboni mwa Mama.

Filipo akautoa msokoto, akautazama. Kisha akaurudisha sikioni, akaenda zake. Nikajua nimeshindwa tena.

Siku kadhaa zikapita. Akanikuta jikoni nafumua mstari wenye kosa.

"Dada, wale mafundi wanalala?"

"Simoni anasema hawalali."

Akafikiri. "Basi mimi nawachosha." Akautoa msokoto, akautupa motoni, moshi ukapanda moja kwa moja kwenye kikapu cha Mama.

"Umeona sasa unachokifanya?" nikamwambia, na tukacheka wote wawili mpaka machozi. Alirudia tena mara chache, sikufichi. Lakini aliacha, na ndiyo maana ulimkuta hai.

Juzi, mwanangu, nilipokukumbatia, shati lako lilinuka kama bani. Sikuulizi. Nakwambia tu kwamba kupumua huwezi kuacha, na cheche zitakuwepo mpaka uzeeni, basi usiishi kwa hofu. Ila usiwaongezee kazi wanaokushona bila kupumzika. Na unapoiga maisha ya mtu yeyote, hata yangu, soma mistari yote miwili.

Mungu awape nguvu mafundi wako, akufikishe umri ambao mama yetu hakuufikia, na mikono yako ishike wajukuu. Kikapu chake nakuachia wewe. Kitundike juu ya mafiga kama sisi tulivyofanya, lakini kila mara kishushe, ukifute masizi.